Kuvuka Daraja Kwenda Kusoma Maryland

Ipo Jumapili moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapokusikia ukisema kwamba nafasi yako chuoni ni ya uhakika. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, nami nilikuwa namaliza sekondari. Tuliishi Springfield, hapa Virginia, na mama yangu alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Binamu yangu Wambui aliishi Greenbelt, katika jimbo jirani la Maryland, na mwaka uliotangulia alikuwa ameingia chuo kikuu kimoja cha jimbo lake. Alama zangu zilikuwa nzuri kuliko zake. Basi nikajiona nimeshaingia. Nikatangaza kanisani, na sikutaka kuomba nafasi kwingine kokote.

Siku hiyo, baada ya ibada, Mwalimu Njeri alitupa lifti. Alikuwa rafiki wa mama. Zamani alifundisha Nakuru, na sasa alifundisha shule moja huku kwetu. Tulipokwama kwenye foleni ya magari ya Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, akaniuliza ninajuaje kwamba nitachukuliwa.

"Wambui alichukuliwa," nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku.

"Wambui ni mtoto wa Maryland," akasema. "Chuo kile ni cha kwao. Wewe ukishavuka daraja tu, ni mgeni, na wageni wanapewa nafasi chache. Usijipime kwa Wambui. Jipime kwa watoto wa Virginia waliochukuliwa kule."

Nilinuna. Maryland yenyewe ilikuwa pale ng'ambo ya mto. Tulikuwa tukienda kula nyama choma kwa kina Wambui na kurudi siku hiyohiyo. Ugeni wangu ulitoka wapi? Hata hivyo, wiki ile nilimwendea mshauri wa wanafunzi shuleni, nikamwomba anieleze wenzetu waliochukuliwa kule walikuwa na alama gani. Wengi walinizidi. Nikarudi nyumbani na kumwambia mama siombi tena. Kusema kweli, niliogopa aibu ya kanisani.

Mama alimpigia Mwalimu Njeri, kisha akaniwekea simu sikioni.

"Kukukataa ni kazi yao," Mwalimu akasema. "Wewe unawafanyia kwa nini? Omba kule. Halafu omba na hapa Virginia, chuo unachoona utaingia, tena utakipenda."

Nikafanya hivyo. Maryland walinikataa. Nililia, nisikudanganye, na Jumapili iliyofuata nilijificha chooni mpaka ibada ilipoanza. Lakini chuo cha Virginia kilinichukua, na huko ndiko nilikojifunza kazi hii ya maabara ninayoipenda mpaka leo. Mwaka huohuo msichana mwingine wa shule yetu, mwenye alama kama zangu, alichukuliwa Maryland. Sijui walimpendea nini.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujajihesabia chuo cha jimbo jingine, uliza waliotoka kwetu waliingia wakiwa na nini, na ukubali jibu hata likikuuma. Ukiona nafasi ni ndogo, omba vilevile, ila usiyaweke matumaini yako yote hapo. Tafuta na chuo kingine ambacho ukiamka huko asubuhi hutajiona umeadhibiwa. Ukishaomba, waachie wao waamue. Mungu akupe macho ya kujiona ulivyo, akuepushe na majivuno na hofu, na popote utakapopokelewa akukutanishe na walimu wema na marafiki wa kweli. Amina.