Kidole cha Baba na Meli Isiyo na Jina

Baba yangu alikuwa mtia mafuta katika chumba cha mitambo cha meli ya vita. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kwetu halikuwa likisemwa. Wageni wakija nyumbani kwa kaka yangu, mtaani Al Khuwair huku Uarabuni tulikohamia, huambiwa kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara Unguja. Biashara aliifanya, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hakuipenda. Alichokuwa akikizungumza mpaka uzeeni ni ile meli.

Ilikuwa meli ya kushushia vifaru ufukweni. Haikuwa na jina. Waliipa nambari tu, kwa kuwa zilikuwa nyingi na hapana aliyetaraji zidumu. Iliundwa Marekani kando ya mto, mbali kabisa na bahari, ikateremka na mto huo mpaka ikaonja chumvi. Chini ilikuwa bapa kama sinia ili iweze kupanda mchangani, na kwa ubapa huo iliyumba hata bahari ikiwa shwari. Mbele ilikuwa na milango miwili ya chuma. Ikifika pwani hufungua milango, hulaza daraja, na vifaru hutoka. Mwingereza alipoichukua, Baba na Waswahili wenziwe wawili wakaipanda Mombasa, wakapelekwa upande wa Burma.

Siku moja ilipanda ufukweni huku mizinga inalia, na mota ya milango ikaungua. Milango ikabaki imefungwa. Ndani vifaru vinanguruma, moshi umetanda, watu wanakohoa. Ofisa akaita watu wa mitambo. Baba na wenziwe wakaenda mbele wakazungusha gia kwa mikono mpaka milango ikaachana, vifaru vikatoka. Meno ya gia yakamla Baba kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

"Ulilia?" nilikuwa nikimuuliza nilipokuwa mdogo.

"Nlilia baadaye," akinijibu. "Pale hapakuwa na nafasi."

Mwaka jana, miaka mingi baada ya kumzika, niliona tangazo: mtafiti mmoja wa Kiingereza, mwandishi wa kitabu kuhusu meli moja ya vita, atazungumza katika ukumbi mmoja Madinat Sultan Qaboos. Chini ya tangazo palikuwa na nambari ya meli. Ile ile aliyokuwa akiitaja Baba. Nikampigia kaka simu.

"Nenda peke yako," akasema.

"Baba ni wako pia," nikamwambia. Akaja, uso umemkunjamana.

Mtafiti yule alizungumza vizuri, sina budi kukiri. Alitueleza mambo ambayo Baba hakuyajua: baada ya vita ile meli ilirudisha askari makwao, ikauzwa kwa matajiri wa biashara, ikabeba magari na saruji, mwisho ikapandishwa pwani moja ya Asia ili ikatwe vipande. Kisha akaonyesha picha ukutani. Mabaharia wamejipanga mbele ya milango iliyofunguliwa, na pembeni wamesimama watu watatu weusi wenye kaptura.

"Hawa ni wapagazi wenyeji," akasema, "waliokuja kupiga picha na mabaharia."

Yule wa katikati mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Macho yale nayajua, ndiyo ninayoyaona kila siku kwenye kioo. Nikasimama. Kaka akanishika abaya.

"Kaa kitako. Watu wanatutazama."

"Wacha watutazame."

Nimesomesha chuo kikuu miaka mingi, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Nikamwambia yule bwana, mbele ya ukumbi mzima, kwamba huyo si mpagazi. Huyo ni baba yangu, na milango iliyo nyuma yake haikufunguliwa na mota. Nikaeleza kisa chote, na kidole pia.

Akanijibu kwa adabu, "Bibi, nimesoma daftari zote za maofisa. Hakuna jambo hilo."

"Umesoma za maofisa. Kasome ya daktari wa meli. Kidole hakikatiki bila ya mtu kukifunga."

Nilimrudisha kaka kwa gari yangu mpaka karibu na kwake. Kisha akasema kwa uchungu, "Mimi nimekaa ofisini na watu ambao babu zao walikuwa makadhi na matajiri. Wewe umesimama unatangaza kuwa Baba alikuwa mtu wa girisi."

"Girisi hiyo ndiyo iliyolipia biashara iliyokusomesha ukaingia ofisini," nikamwambia. Akashuka bila ya kuniaga.

Barua ya mtafiti ilifika baada ya wiki kadhaa. Daftari ya daktari ilipatikana: mtu wa chumba cha mitambo, kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kimekatwa. Jina la Baba limeandikwa kwa makosa, lakini ni lake. Yule mtafiti aliomba radhi, akasema katika chapa mpya ataandika "msaidizi mwenyeji".

Nikamwandikia siku ile ile kwamba sikubali. Baba alikula kiapo, akavaa sare, akapokea amri chini ya mizinga. Anayefanya hayo huitwa baharia, na kama kitabu hakina nafasi ya neno hilo, basi jina la baba yangu lisitiwe humo. Akakubali. Akauliza pia majina ya wale wenziwe wawili. Hapo nikakwama. Baba alikuwa akiwaita "wenzangu", basi.

Nikamwomba ile picha, nikaichapisha kwa ukubwa, nikaenda nayo kwa kaka bila ya kumpigia simu, nikaiweka mezani. Aliitazama muda mrefu. Akagusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole.

"Huyu wa kulia," akasema polepole, "alikuwa akija kwetu, Unguja. Wewe hujazaliwa. Alikuwa akituletea halua, na Baba akimpisha kwenye kiti chake mwenyewe."

"Jina lake?"

"Tukimwita Ami tu." Akainuka kutafuta miwani na simu yake. "Lakini bintiye anakaa Al Khoudh. Ngoja."

Akapiga. Aliposalimiana naye, nilimsikia akijitambulisha: mtoto wa fulani, yule baharia wa ile meli.