Siku Tulipomsindikiza Baba Mdogo Kazini

Sweta la sufu likilowa kisha likaanikwa karibu na moto hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Wengi hawaipendi. Mimi, ambaye nimehama miji mingi kuliko nilivyobadilisha magodoro, nikiisikia tu naacha ninachofanya. Nakuwa tena mtoto wa miaka kumi, makamasi yameganda puani, natembea Toronto nyuma ya baba yangu.

Tulitoka Makete likizo ya Desemba, mwaka ambao mbao za Baba ziliuzika vizuri. Lori lilitushusha Njombe, basi likatufikisha Dar es Salaam, ambako tulitokwa jasho hadi Mama akasema kama Kanada ni hivi yeye anarudi. Kisha ikaja ndege, na ndege nyingine. Baba hakulala katika zote mbili. Alidai lazima mtu mmoja awe macho.

Safari ilikuwa ya mapumziko, lakini ilikuwa na agizo. Siku ya kuagwa, Bibi alisimama mbele ya ukoo mzima akamwambia Baba, "Kutembea mkatembee. Ila usirudi bila Festo." Festo ni mdogo wake Baba, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Bibi alikuwa ameshamtengea shamba la viazi.

Baridi haikumtisha Baba. "Sisi watu wa Makete tumezaliwa nayo," aliwaambia abiria wenzake. Na kweli, kwetu kuna asubuhi majani huamka meupe kwa sakitu. Alikuwa amejinunulia koti refu la mitumba, zito kama mlango. Baba Mdogo alipotupokea uwanja wa ndege alilikagua, akasoma kitambaa kilichoshonwa kwenye kola, akacheka. "Kaka, hili limetengenezwa hukuhuku. Umelirudisha kwao!"

Tulipotoka nje, Baba alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Sikuwahi kuona kitu kikimnyamazisha mfanyabiashara wa mbao.

Baba Mdogo alipanga chumba chini ya nyumba ya watu, North York, na alikuwa mwosha masufuria katika jiko la hoteli katikati ya jiji. Siku ya pili mchana alivaa viatu vyake vya theluji kwenda kazini. Baba naye akasimama. "Tukusindikize."

Kwetu mtu haondoki peke yake mlangoni. Unatoka naye, mnakwenda mnaongea, mpaka penye kuagana. Siku hiyo penye kuagana palikuwa stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kwenye barabara ya Yonge. Mama alijifunga khanga juu ya koti, mimi nikavalishwa masweta hadi mikono ikakataa kushuka, tukatoka.

Mama na mimi tulijua kwamba Baba angetoa agizo la Bibi njiani. Tulifika stesheni. Baba akakohoa. Baba Mdogo akasubiri. Baba akaigonga nguzo ya umeme kwa vidole, akauliza, "Hizi nguzo zao ni mti gani?"

"Sijui, Kaka. Mti wa hukuhuku."

"Mzuri. Umenyooka." Kisha akasema, "Mazungumzo hayajaisha. Twende hadi stesheni ya mbele."

"Ya mbele iko karibu tu," Baba Mdogo alijibu, uongo mtupu.

Hivyo ndivyo tulivyoujua mji ule. Tuliona kindi weusi tii wakichimba theluji kama wamesahau kitu, na mbwa aliyevaa viatu. Mama alipoona kwamba mbwa wa watu wana viatu, aliniambia nisiwasimulie wenzangu shuleni, wangenipiga kwa uongo. Baba aliwaamkia wapita njia wote. Mzee mmoja alisimama kumjibu, wakashikana mikono muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, wakaachana kama mashemeji.

Kwenye stesheni ya mbele Baba akakohoa tena, akagonga nguzo nyingine. Mama uzalendo ukamshinda.

"Baba Elia, sema basi! Miguu siisikii!"

"Aseme nini, shemeji?" Baba Mdogo aliuliza.

"Muulize huyo anayekagua nguzo."

Baba alisema njia inaelekea mteremko, tushuke kidogo. Mteremko ulikuwa na barafu. Koti lile zito likamtangulia, Baba akakaa chini bila kupenda na kuteleza taratibu, heshima yake yote imekaa wima, akipita mbele ya watu waliosubiri basi. Bado aliwaamkia.

Baba Mdogo alijitupa kwenye theluji kwa kicheko. Mimi nikacheka, Mama akacheka hadi khanga ikafunguka. Sisi tulipomaliza, yeye alikuwa bado anaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Baba akainuka, akaenda kumshika bega.

"Tangu nije hapa, Kaka, hakuna mtu aliyewahi kunisindikiza."

Ndipo Baba akalitoa agizo la Bibi, lote, pamoja na shamba la viazi.

Baba Mdogo alifuta uso kwa glovu. "Karatasi zangu bado. Nikitoka sasa, hawanipokei tena. Na mimi sijachoka, Kaka. Nina upweke tu. Kuchoka sijachoka."

Nilingoja Baba abishane, maana kwenye mbao alibishana hata na mizani ya malori barabarani. Alimkung'uta theluji mgongoni. "Utachelewa kazini," akasema, na tukamfikisha stesheni iliyokuwa chini ya kilima.

Siku ya kuondoka, Baba Mdogo alitusindikiza hadi kizuizi cha uwanja wa ndege. Baba akaona si vizuri kumwacha hapo, akamrudisha hadi mlango wa nje. Baba Mdogo akamleta tena. Wakaenda na kurudi hivyo hadi mlinzi, mama mmoja mnene, akaanza kuwatazama kama wezi, na Mama akamvuta Baba kwa mkono wa koti.

Ndege ilipopaa nikamuuliza, "Bibi utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimemsindikiza mwanawe kazini."

Niliona ni jibu la mtu aliyeshindwa. Nimezunguka sana tangu siku ile, nikaondoka kwenye milango mingi bila mtu wa kutoka naye, ndipo nikaelewa. Kwetu humsindikizi mtu ili arudi. Unamsindikiza ili aende. Miguu ya Baba ilikuwa imeshampa mdogo wake ruhusa tangu stesheni ya kwanza. Mdomo tu ndio ulikuwa haujapata habari.