Programu Isiyojua Kusalimia

Nina hasira za karibu, na nyingi za mwaka ule ziliishia kwa programu moja ndogo. Haina picha wala vitufe. Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri ya mstari mmoja, nayo inasoma faili la mitindo, yaani faili linaloamua kila sehemu ya ukurasa wa mtandaoni ivae rangi gani na ikae wapi. Kisha inakumwagia makosa yako yote kwa maandishi mekundu. Hakuna habari za asubuhi, hakuna samahani. Niliwahi kuifuta kabisa kwa sababu ilinigombeza juu ya nafasi tupu. Nafasi tupu! Nani alishawahi kufa kwa nafasi tupu?

Wakati huo nilikuwa nimemtengenezea shangazi yangu ukurasa wa kuuzia machungwa. Shangazi ni mjane, shamba lake liko Kang'ata, na kila msimu dalali alikuwa akimjia na bei yake mwenyewe, akijua machungwa yakishaiva hayamsubiri mtu. Nikamwambia mwaka huu asimuuzie. Wanunuzi watampigia wenyewe, kitufe cha simu chenye namba yake nimekiweka pale pale juu. Akaniamini, dalali akaondoka mikono mitupu.

Simu haikulia. Machungwa yakaanza kuanguka, nami niko mbali, huku Korogwe. Nikawauliza ndugu na marafiki niliowatumia ukurasa. Wote walinijibu vizuri: hongera, mashaallah, umejitahidi sana. Nikampigia shangazi mwenyewe.

"Shikamoo shangazi. Ule ukurasa unauonaje kwenye simu yako?"

"Marahaba mwanangu. Mzuri, mzuri sana. Mungu akuzidishie."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikukaribisha wali wenye mawe, unatafuna polepole na kushukuru.

Basi adhuhuri moja, nikiwa nimeishiwa mbinu, nikairudisha ile programu. Nikaandika amri, nikabonyeza. Ikanigombeza kama kawaida yake, ila katikati ya nafasi tupu zake palikuwa na mstari mmoja ulionifanya nisogeze kiti: kwenye sehemu ya skrini ndogo, yaani za simu, kitufe cha simu nimekiandika mara mbili. Nikaenda kuangalia. Mara ya kwanza nilikipa rangi ya chungwa. Mara ya pili, bila shaka siku niliyokuwa nanakili na kubandika kwa haraka, nilikipa rangi nyeupe, na maandishi yake nayo ni meupe, na agizo la mwisho ndilo linalofuatwa. Kwenye kompyuta kilionekana vizuri. Simu yangu ilikuwa imehifadhi ukurasa wa zamani na ndio iliokuwa ikinionyesha. Kwa watu wengine wote palikuwa peupe tu, bila namba.

Nikaifuta ile mistari ya pili, nikaandika amri tena. Safari hii dirisha halikusema kitu, na programu hii ikinyamaza ndiyo imeridhika. Sijawahi kufurahia kununiwa namna ile. Kisha nikawakasirikia wale wapole wangu wote: hivi hamkuona kwamba hakuna namba? Lakini ningemgombeza nani, watu ambao hawakutaka kuniumiza?

Nikautuma ukurasa upya kwenye magrupu ya wafanyabiashara wa matunda. Kesho yake mchana shangazi akapiga.

"Kuna mtu wa Tanga anataka kuleta lori la Fuso. Anachukua machungwa yote, na bei niliyomtajia kaikubali. Nimjibuje?"

"Mwambie aje, shangazi! Mwambie aje hata leo!"

"Nimeshamwambia. Nimekupigia tu nilie kwa furaha, mwanangu. Huku shambani niko peke yangu."