Mwalimu Aliyeacha Kubishana

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule moja ya msingi mjini Garissa, nikikaa mtaa wa Waberi. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimetuletea bunduki na maneno. Wageni walipita wakiwaambia vijana wetu kwamba kumwaga damu ya ukoo mwingine ni wajibu, na wengine waliuvisha wajibu huo joho la dini. Baadhi ya waliowasikiliza waliondoka kwenda vitani wasirudi.

Ndipo walimu, wauguzi na machifu tukaitwa kwenye semina ya siku mbili, tufundishwe kumtambua mtu anayevutwa na maneno hayo kabla hajaondoka. Siku ya kwanza ofisa mmoja wa polisi alitugawia karatasi yenye orodha ya dalili. Ya kwanza ilikuwa kufuga ndevu. Ya pili, kuswali kuliko kawaida.

Muuguzi mmoja wa makamo, mama mzaliwa wa Hadado aliyefanya kazi zahanati ya mjini kwetu, akanyanyua mkono.

"Bwana ofisa, baba yangu ana ndevu, na sala hajaikosa tangu utotoni. Nimlete kituoni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatusimulia habari za mdogo wake, ambaye kabla ya kuondoka aligawa mbuzi wake wote na kuacha kabisa ubishi nyumbani.

"Tulidhani ametulia," alisema. "Kumbe alikuwa ameshatuaga. Hakuna aliyemuuliza kitu, hata mimi, na kazi yangu ni kuwauliza watu wanaumwa wapi."

Nilimjua mtu wa namna hiyo. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa jiografia, tuliyekaa naye meza moja. Kaka yake alikuwa amepigwa risasi malishoni, upande wa Masalani, miezi michache nyuma. Zamani tulibishana juu ya kila kitu, kuanzia mpira hadi bei ya ng'ombe. Sasa alikuwa akikubali lolote nisemalo. Wiki hiyohiyo alikuwa amenipa vitabu vyake vyote, akisema hana kazi navyo.

Semina ilipoisha, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda kwake. Alinimiminia chai ya maziwa. Nikaanza kumuuliza kama tulivyofundishwa siku ya pili: usingizi wake ukoje, siku hizi anakaa na nani. Akaiona karatasi ikichungulia mfukoni mwa shati langu, akaichomoa, akaisoma yote.

"Walaal," aliniambia, kama tunavyomwita ndugu, "umekuja kunitembelea au kunisahihisha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaona nimwambie kweli.

"Tangu tumzike kaka yako sijakuuliza habari zake hata siku moja. Niliogopa."

Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya kikombe. Kisha akaanza kumzungumzia kaka yake, jinsi alivyowaimbia ngamia kisimani, jinsi alivyokuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe. Mwishowe akawataja watu wawili waliomwahidi bunduki, na gari ambalo lingemchukua siku ya Ijumaa.

"Wale walikaa nami nilipokuwa nikilia," alisema. "Nyinyi mlinipa pole mkaondoka."

Nikamwomba kesho yake twende kwa yule muuguzi. Alikataa, akanibishia, akanipandishia sauti, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kumsikia akipaza sauti tena. Asubuhi akakubali, tukaenda. Muuguzi alifunga mlango, akamsikiliza hadi adhuhuri.

Wazee tuliwaarifu, lakini hatukujua nyumba nyingine ambazo wale watu walizipitia. Ijumaa gari lilikuja likaondoka bila mwenzangu. Liliwachukua wengine wawili, mmoja wao kijana niliyewahi kumfundisha hesabu. Nyumbani kwao sikuwahi kukanyaga kumjulia hali.

Mwenzangu alirudi darasani akaendelea na kazi, ingawa urafiki wetu haukurudi kuwa mwepesi kama zamani. Mama wa yule kijana nilikuwa nikikutana naye sokoni. Alinisalimu kwa heshima, akiniita mwalimu, na kila mara nilishindwa kumtazama usoni.