Mama Itauma

Hakuwahi kufunika kalamu kwa mikono miwili. Akimaliza kuandika alilaza kifuniko mezani, akakichota kwa ncha ya kalamu, mkono wa pili akiwa ameuficha nyuma ya mgongo. Hata nyumbani, hata akijaza fumbo la maneno kwenye gazeti la jana. Wajukuu walidhani ni mchezo wakawa wanamwiga na kushindana. Bintiye, aliyekuwa fundi cherehani, alijua sababu. Mama yake alikuwa muuguzi wa chumba cha sindano, na katika kazi ile mkono unaosogea kufunika sindano iliyotumika ndio unaochomwa. Kwenye zahanati, sindano ilitoka kwa mgonjwa ikaingia moja kwa moja kwenye sanduku la njano, bila kufunikwa. Nyumbani hapakuwa na sindano, basi adabu ileile aliihamishia kwenye kalamu.

Mtaani walimwita Mama Itauma. Mzazi akianza kumbembeleza mtoto, "Haiumi, mwanangu, haiumi hata kidogo," yeye alimkatiza.

"Usimdanganye mtoto wa watu. Itauma. Itauma kama siafu, halafu itapoa."

Kisha alifungua pakiti mpya mbele ya macho ya mgonjwa, akapaka spiriti, akasubiri ikauke. Hakutaka mtu ashikwe kwa nguvu. Watoto watukutu walitishwa kwa jina lake, lakini ndio haohao waliompungia mkono barabarani.

Aliyemwogopa kweli alikuwa wa tumboni mwake. Siku ya chanjo shuleni, binti alimwona mama yake akiingia darasani na kisanduku cha baridi, akaruka dirishani na kukimbia mpaka nyumbani bila viatu. Mama hakumfuata. Jioni alimrudishia viatu vyake, akaviweka chini ya kitanda, akasema tu, "Ulivisahau." Binti akakua, akajifunza kushona, akashika sindano mchana kutwa, na wateja wakapata la kusema.

"Fundi wa sindano anaogopa sindano!"

"Hii yangu haina dawa ndani," alijibu, na cherehani ikaendelea.

Basi jipu lilipomtokea kwapani, mkono wa kulia, alinyamaza. Lilianza kama kipele. Likawa kama kokwa, likawa na moto wake lenyewe, likaanza kupwita usiku kucha. Msimu ulikuwa wa sare za shule, vitambaa vimejaa hadi juu ya kabati, na hakuwa na wa kumwachia. Akafanya kosa ambalo fundi cherehani tu ndiye angelifanya: alichukua sindano yake ndefu ya kushonea makoti, akaipitisha kwenye mshumaa, akalichokoa. Halikutoa kitu. Kesho yake mkono haukupanda hata kufika begani.

Mama yake alimkuta hivyo, alipopitia dukani kuchukua gauni lake la kazi lililokuwa likipunguzwa pindo.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimeulalia vibaya."

"Mbona umeubeba kama kuku aliyeteguka bawa? Hebu." Akainua mkono wa blauzi taratibu, akatazama. "Nani amelichokoa?"

Binti akautupia jicho mto wa sindano.

"Na sindano ipi?"

"Niliichoma moto kwanza, Mama."

"Sindano iliyopita kwenye kola za mtaa mzima! Inuka, twende."

"Nimalizie pindo hili kwanza."

"Pindo halina homa. Wewe unayo."

Kwenye zahanati, daktari wa zamu, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alimpima homa akatikisa kichwa. Hakuficha. Jipu likiachwa, uchafu wake unaweza kuingia kwenye damu. Na hata akipona, mkono unaweza kukaza usipande tena.

"Mkono huu ndio kazi yako," alisema. "Usiuchezee. Nitakukata mimi, au utapenda nani?"

Binti alitazama sakafu. "Mama."

Daktari akageuka. "Mama, wa kwako mwenyewe? Mkono hautatetemeka?"

"Utatetemeka baadaye, nikishika kikombe cha chai."

"Basi niite mtu amshike."

"Hapa hashikwi mtu."

Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, kama mtu asiye na foleni nje. Akavaa glavu. Akaweka vidole viwili juu ya uvimbe, akafumba macho, na binti akadhani anaomba dua.

"Natafuta mshipa," mama alisema. "Kwapani unapita mshipa mkubwa wa damu. Nataka kujua ulipo kabla kisu hakijajua." Akabonyeza tena. Katikati palilegea, pakabonyea kama mfuko wa maji. "Limeiva. Sasa sikiliza. Sindano ya ganzi ndiyo itauma kuliko kisu."

"Kiasi gani?"

"Sana. Kwa muda wa kutia uzi kwenye tundu la sindano."

"Mimi natia haraka."

"Basi una bahati."

Ikauma. Binti aliuma kona ya shuka, machozi yakamtoka bila sauti, na kweli ikapoa, eneo lote likawa zito kama la mtu mwingine. Mama akaminya ngozi kwa koleo. "Unasikia?" Hakusikia. Mama akachukua kisu kidogo, akakaa nacho.

"Ukisema kata, nakata. Usiposema, tutakaa hapa mpaka uzeeke."

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Binti aliutazama. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, na alijua kukimbia bila viatu. Nje mtu alikohoa kwenye benchi. Mama alingoja, kama siku ile ya chanjo alipomwacha akimbie.

"Kata, Mama."

Usaha ulitoka kwa nguvu, mwingi, na harufu yake ikamfanya daktari afungue dirisha. Lakini binti hakuisikia harufu. Kitu kilichomkaba kwa siku nyingi kilimwachia mara moja, kama kiatu kinachobana kikivuliwa, akaanza kucheka huku analia. Mama alipitisha koleo ndani kwa utaratibu akafungua vijumba vyote vya usaha, akaosha kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka safi, akatia utambi wa shashi, kitambaa chepesi cha vidonda, bila kuushindilia, akafunika.

"Hujashona," alisema binti.

"Sishoni."

"Mama! Nipe uzi nijishone mwenyewe. Mtu hawezi kuacha kitambaa wazi hivyo."

"Ukishona juu, chini panabaki mfuko, na mfuko utajaa tena. Jeraha hili linaachwa wazi lijae kutoka chini. Wewe umezoea kufunga. Hili usilifunge."

Asubuhi zilizofuata alikwenda kubadilishiwa shashi. Kila mara shimo lilikuwa limepungua kina, jekundu, safi, likipanda lenyewe bila uzi wa mtu. Akingoja zamu yake alimtazama mama yake kazini, mtoto baada ya mtoto, "itauma" baada ya "itauma," na hakuna aliyeruka dirishani.

Jeraha lilipofunga, alileta pazia jipya la chumba kile, alilolishona kwa masalio ya sare. Mlango ukiwa wazi, akapanda kwenye kiti, akainua mkono wa kulia, ukapanda, ukapita bega, ukapita kichwa, ukashika fimbo ya pazia juu kabisa.

"Tazameni bawa!" daktari, aliyekwisha kusimuliwa habari ya kuku, alipaza sauti, na benchi zima likapiga makofi, hata wasiojua wanapigia nini. Mama Itauma alitoka kwenda kunywa chai. Kikombe kilitetemeka kweli.

Alistaafu. Uzee ukamletea ugonjwa wa sukari, uliotaka sindano kila asubuhi, na macho yake hayakuweza tena kusoma alama kwenye bomba la sindano. Hawakutafuta nesi. Fundi alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akafungua pakiti mpya mbele ya macho yale yasiyoona vizuri, akavuta dawa, akatafuta mahali papya tumboni, mbali na pa jana, na kila asubuhi akasema, "Mama, itauma." Kila asubuhi mama alijibu, "Najua. Choma."

Asubuhi ya mwisho, kabla ya ule usingizi wa mchana ambao hakuamka, fundi alichoma kama kawaida, akatoa, akaitia sindano kwenye kopo lake bila kuifunika. Mama yake alikuwa amegeuza uso kumsikiliza. Huyu hakuwahi kumdanganya mtu juu ya sindano, mkubwa wala mdogo, maisha yake yote.

"Mwanangu," alisema, "hii haijauma."