Ng'ombe wa Utafiti Alipotolewa Mahari

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kuwaeleza watu kazi yangu. Nyumbani kwetu Cimpunda, hapa Bukavu, mama aliwaambia majirani kwamba ninafanya kazi ku bureau, yaani ofisini, basi. Angesema nini tena? Kwamba binti yake, aliyesoma chuo kikuu miaka yote ile, hukata majani, huyakandamiza kwenye mifuko ya plastiki na kungoja yachachuke? Sikumlaumu. Jioni nilirudi nikinuka kama pipa la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na tulikuwa tukilala chumba kimoja.

Yale majani ya kuchacha ndiyo silaji. Kiangazi kikifika, vilima vyetu hukauka, na mwenye ng'ombe hutembea mbali akitafuta majani ya pembeni mwa barabara. Wazo letu lilikuwa rahisi: tukate majani wakati wa mvua yakiwa bado laini, tuyafunge pasipo hewa, tuwape ng'ombe wakati wa njaa, kisha tupime maziwa. Kundi moja la ng'ombe lipewe silaji, kundi jingine lile kama kawaida, tulinganishe. Profeseri, mkuu wangu, alilipanga jambo hilo vizuri sana kwenye karatasi, ofisini kwake Ibanda, dirisha likitazama ziwa. Kupanda vilima kulikuwa kazi yangu.

Ng'ombe wenyewe hawakuwa wetu. Tuliwaomba wafugaji watuachie tuwalishe ng'ombe wao kwa kiangazi kimoja, na kuwapata waliokubali ilikuwa taabu tupu. Ng'ombe wengi wa vilima hivi walikwenda na vita, na aliyebakiwa na mmoja humlinda kuliko nyumba yake. Masharti tuliyowapa yalikuwa mawili tu: ng'ombe asiuzwe na asichinjwe mpaka tumalize.

Katikati ya kiangazi, asubuhi moja, nilifika kwa papa mmoja, ndivyo tunavyowaita akina baba, aliyekuwa na ng'ombe bora katika jaribio letu lote, jike mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Zizi lilikuwa tupu. Kamba haikuwepo. Papa alikuwa amekaa mlangoni amevaa shati jipya.

"Papa, ile ngombe iko wapi?"

"Haiko tena."

"Ilikufa?"

"Mungu apishe! Tuliipeleka kwa bakwe. Mutoto wangu anaoa."

Nilisimama na mfuko wangu wa silaji mkononi. Yeye alikuwa akitabasamu, akingoja nimpongeze.

"Papa, si tulipatana?"

"Tulipatana nini? Mulisema nisiuzishe. Sikuuzisha. Mulisema nisichinje. Sikuchinja. Dot, ile mahari, ni kuuzisha?"

"Hamungengoja kidogo tumalize?"

"Ndoa inafanywaka mu kiangazi, maman. Unatoka mu hii inchi, unajua."

Nilijua. Hicho ndicho kilichoniuma. Kila mtu Bukavu anajua kwamba kiangazi ndiyo majira ya harusi, na mpango wetu ule mzuri ulikuwa umewekwa juu ya harusi zote za wilaya bila mtu yeyote kulifikiria hilo. Siku hizi familia nyingi hutoa mbuzi, au bahasha. Papa huyu alikuwa na ng'ombe wa kweli, tena aliyenona katikati ya kiangazi kwa chakula changu. Nani angemficha nyumbani?

Nilimpigia profeseri pale pale. Tulikuwa tayari tumepoteza wanyama wawili, mmoja kwa ugonjwa, mwingine ambaye mwenyewe alimuuza akahama. Profeseri alinisikiliza, akakohoa, akasema, "Sasa tatizo iko wapi? Fuata ile ngombe. Ikule kwa papa ao ikule kwa bakwe, tumbo ni ileile."

Nikamfuata ng'ombe. Wakwe walikaa ng'ambo ya bonde. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mifuko miwili ya silaji nimeifunga nyuma yangu na mmoja nimeushika mbele, kati yangu na dereva. Huo wa mbele ulikuwa umetoboka. Njia nzima maji yake yalimchuruzikia dereva mgongoni.

"Maman, hii kitu yako inanuka pombe," alisema. "Bibi yangu atasema nililewa."

Nilipofika, ng'ombe alikuwa amefungwa nje, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Walikuwa wamemwosha mpaka anang'aa. Baba wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye koti zito hata kwenye jua lile, alinikaribisha vizuri, akaagiza kiti. Kisha nikaharibu. Badala ya kukaa na kuulizia afya ya watu, nilisema moja kwa moja, "Papa, nimeletea ngombe chakula yake."

"Chakula yake?" Alitazama mifuko. "Nani alikutuma?"

"Ni kazi yangu, papa. Ni utafiti. Nilikuwa naikulisha kule kwa bakwe yenu, sasa..."

"Kumbe ni bale bakwe balikutuma."

"Hapana, papa."

Alifungua mfuko mmoja, akainusa ile silaji, akarudisha kichwa nyuma. Majirani wawili waliokuwa uani walisogea.

"Sikiliza," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Banatupatia ngombe, kisha banatuma mutu nyuma na majani ya kuoza. Ni kusema nini? Sisi hatuwezi kulisha ngombe? Na sisi, mutoto wetu akienda kule, tumufwatishe na sac ya bukari, ya ugali yake?"

Jirani mmoja alicheka, mwingine hakucheka. Nilijaribu kueleza habari ya makundi mawili, ya maziwa, ya kulinganisha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Mwishowe alinionyesha njia kwa mkono wote.

Sijafika chini ya kilima, simu ikalia. Alikuwa papa wa kwanza, baba wa bwana harusi. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Unataka kuvunja ndoa ya mutoto wangu juu ya majani?"

Nilikaa juu ya mfuko kando ya barabara. Vumbi la magari lilinijia usoni na sikuwa na nguvu hata ya kugeuka. Nilikuwa na hasira na profeseri na tumbo lake lileile, na wazee wawili waliokuwa wakitupiana heshima juu ya kichwa changu, na kazi hii ambayo ili uifanye vizuri inatakiwa ng'ombe asiwe wa mtu. Ng'ombe asiye wa mtu nilimwona wapi mimi?

Nikiwa pale nilisikia viatu nyuma yangu. Alikuwa mama wa bibi harusi. Alikuwa ameshuka haraka, anahema, kitenge amekishika mkononi.

"Kuja," alisema. "Tangu ile ngombe ifike haikulake muzuri. Inanusa tu majani, inaacha. Muzee anaficha, juu bakwe batasema tuko naifanya mubaya. Kuja na hii yako."

Tulipanda tena, tukapitia nyuma, kwenye migomba. Ng'ombe alituona kabla hatujafika. Mama alipofungua mfuko na harufu ikatoka, ng'ombe alivuta kamba mpaka kigingi kikayumba, akala huku akipumua kwa nguvu puani.

"Inaijua," mama alisema.

Mzee alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono ndani ya koti. Kisha akanipa masharti yake: nitalisha, lakini nitawaambia watu wote kwamba ni kazi ya ofisi yangu, si chakula kutoka kwa wakwe, na kila nikija nitakula kwao kwanza, ili ionekane mimi ni mgeni wao. Nilikubali. Niliomba kitu kimoja tu: ng'ombe asipewe chochote zaidi ya silaji na yale majani ya kawaida yaliyo kwenye mpango. Waliitikia wote wawili.

Niliporudi mara ya kwanza, ng'ombe alikuwa amelala akicheua, na mbele yake palikuwa na vipande vya shina la mgomba, majani ya viazi vitamu, na masalio ya ndizi za kasiksi. Kando kulikuwa na bonge la chumvi.

"Maman," nilisema, "tulisema isikule kitu ingine."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mtoto akisema upuuzi. "Ni mugeni. Mugeni unamupimiaka chakula?"

Nilirudia kueleza. Aliitikia. Mara iliyofuata nilikuta maganda ya maharage pia. Majirani nao walikuwa wakipita na mafungu yao ya majani, maana ng'ombe wa mahari ni sifa ya kijiji kizima. Maziwa yaliongezeka vizuri mno. Kila nilipopima nilitamani yapungue, ili angalau nielewe kitu. Yalikuwa yameongezeka kwa sababu ya silaji? Ya viazi? Ya chumvi? Ya kupendwa? Hakuna aliyeweza kuniambia, na mimi ndiye niliyelipwa kujua.

Harusi ilifanyika. Nilialikwa na pande zote mbili, nikaenda, nikakaa upande wa wapishi.

Kiangazi kilipoisha, profeseri alipiga mstari juu ya yule ng'ombe kwenye majedwali yetu. Nilimwomba tuandike angalau sababu. "Andika: mnyama alitoka kwenye jaribio," alisema. Waliobaki walikuwa wachache, na tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana waziwazi. Siku ya kuwasilisha matokeo, mtu mmoja aliuliza kwa nini ng'ombe ni wachache hivyo. Profeseri akasimulia habari ya mahari, kwa ustadi, na chumba kizima kikacheka. Mimi niliangalia ziwa dirishani.

Nilidhani yameisha. Mvua zilikuwa zimeshika nilipopigiwa simu na yule mzee wa koti. Alikuwa ametengeneza silaji yake mwenyewe, ila akaniambia kwa ukali, "Yako inachacha, yangu inaoza. Kuja uangalie."

Profeseri alisema safari hiyo haimo kwenye mpango. Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Mzee alikuwa amechimba shimo, akalijaza majani mazima bila kuyakata, akafunika kwa majani ya mgomba na udongo kidogo. Nilipofukua, mvuke ulinipiga usoni, na chini kulikuwa na ute mweusi wenye ukungu. Tulitoa yote. Siku nzima tulikata majani vipande vifupi kwa mapanga, tukayamwaga shimoni, tukayakanyaga kwa miguu yetu, mimi, mzee, mama na wajomba wawili wa bibi harusi, mpaka mapaja yakatetemeka. Tulifunika kwa bâche, turubai la plastiki, tukaweka udongo na mawe. Mzee alinung'unika muda wote kwamba mifuko yangu ilikuwa rahisi kuliko hivi.

Kiangazi kilichofuata waliniita tufungue. Pembeni palikuwa peusi, maana bâche ilikuwa imechanika na hewa ikaingia. Katikati palikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, na harufu ile ya uchachu iliyonifanya nifukuzwe uani kwao. Nusu ilitupwa, nusu ililiwa. Yule ng'ombe mweusi alikuwa na ndama.

"Andika hii," mzee aliniambia. "Andika mu kazi yako kusema ni sisi tulifanya."

Nilimwambia kwamba haihesabiwi. Hatukupima majani yalipoingia, hatuna ng'ombe wa kulinganisha naye, tena nusu imeoza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye koti.

"Basi ile muliyohesabu," aliuliza, "ilitosha?"

"Haikutosha, papa."

Aliinama akaendelea kutenga majani mazuri na mabaya, na kwa kuwa moto wa kunirudisha mjini ulikuwa haujafika, niliinama nikamsaidia.