Paka wa Muuza Dawa ya Panya

Dereva wa bajaji alizima injini katikati ya njia na kusema yeye mwisho wake ni hapo. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa magodoro yaliyopangwa hadi kugusa nyaya, nyuma lori lilikuwa linapiga honi, na ubavuni mwanamke alikuwa akitandaza viatu vya watoto juu ya turubai kana kwamba njia ile haijawahi kupitwa na gari.

"Gesti yako iko mtaa wa pili, mgeni. Uliza tu."

"Mtaa wa pili upande gani?"

Akacheka. "Kariakoo hii. Upande wowote."

Nilishuka na begi langu, nikafuata sauti iliyokuwa ikijirudia kupita zote. "Dawa ya panya! Dawa ya mende, kunguni, viroboto! Panya akila hafi papo hapo! Anazunguka, analewa, anatoka nje, anafia mbali! Hanuki!" Ilitoka kwenye spika ndogo iliyoning'inia kifuani kwa mwanamume mwembamba wa makamo, na yeye mwenyewe alikuwa amefunga midomo. Nikamuuliza gesti. Alisema anakaa kwenye nyumba ya uani, nyuma ya gesti hiyo tu, nimfuate. Tulipokata kona kuingia mtaa wake akazima spika.

"Huku huuzi?" nikamuuliza.

"Zamani nilikuwa nauza. Sasa siuzi tena. Nina mjamzito ndani."

Nikampa hongera. Akanitazama kama mtu anayepima iwapo anaweza kuaminiwa, kisha akafungua kufuli la chumba chake, akainama, akanyanyua ncha ya kanga iliyofunika boksi la televisheni. Ndani yake paka wa kijivu mwenye sikio moja lililochanika alifungua jicho, akatuona, akalifumba. Tumbo lake lilikuwa limejaa hadi limelala pembeni yake kama mzigo wa mtu mwingine.

Ndivyo nilivyomjua Ridhiwani. Kwao ni Newala. Alipokuja Dar aliuza soksi, kisha makava ya simu, kisha akahamia kwenye dawa ya panya kwa sababu, kama alivyoniambia, panya hawafilisiki. Hakuwahi kufuga kitu. Kwao paka aliyeingia jikoni alitolewa kwa ukuni wa moto. Lakini masika yalipoanza na maji yakajaa Jangwani, alikuwa akivuka kwa miguu na wenzake, suruali zimekunjwa, akamwona huyu amekaa juu ya friji bovu lililokuwa likielea. Wenzake wakapita. Yeye pia alipita, kisha akarudi. Hakuwa na pa kumweka, hivyo alihamishia pakiti zake za dawa mifukoni na kumtia paka kwenye begi.

"Begi lile lile?" nikamuuliza.

"Lile lile la sumu." Akajifuta uso. "Kufika hapa ndipo nilipokumbuka. Nilimwosha kwa sabuni ya mche mara mbili. Alinichana huku na huku. Usiku kucha nikawa namwangalia kama anapumua."

Alidhani paka ameshiba sana. Aliyemfumbua macho ni Hyasinta, mama wa Kingoni anayeuza chai na chapati kwenye geti la uani. "Kaka Ridhi," alimwambia, "huyo hajashiba. Huyo ana mimba, tena imekomaa. Hongera, baba kijacho." Tangu hapo uani kote wakamwita Baba Kijacho, na kwa vile paka alitoka Jangwani, makao ya timu hasimu, na Ridhiwani ni shabiki wa timu ya Msimbazi, wakaongeza kwamba ameoa kwa mahasimu.

Yeye hakucheka. Nilikaa chumba cha juu cha gesti, dirisha likitazama uani kwao, na kila asubuhi nilimwona akikagua kizingiti cha mlango wake, akiziba kila ufa kwa matambara. Siku moja aliniita kunionyesha anachokiogopa. Akabonyeza spika, ikatamba maneno yake, akaizima.

"Umesikia? Hafi papo hapo. Analewa. Hilo ndilo linalouza, kwa sababu hakuna anayetaka panya anuke dukani. Sasa panya mlevi anatembea kama mzee. Hata paka mwenye tumbo kama ngoma atamkamata." Alinyoosha kidole kuzunguka uani, kwenye migongo ya maduka yaliyotuzingira, madirisha yake yenye nondo, mabomba yake ya maji machafu. "Na hayo yote niliyauzia mimi. Kabla hajaja."

Nimelala katika miji ambayo paka ni wa mtaa mzima, na katika mingine ambayo ana daktari wake na kadi ya chanjo. Sikuwahi kuona mtu anayemwogopea paka kiasi hicho. Hakumruhusu kutoka. Alimpa dagaa waliochemshwa, maziwa, na siku ya Ijumaa kipande cha kuku ambacho yeye mwenyewe hakukila. Hakuthubutu kumgusa tumbo. Na kwa kuwa hakujua paka anazaa vipi, alikuwa akinyanyua ile kanga kumchungulia asubuhi, mchana, kila aliporudi, kila alipotaka kutoka, halafu tena kabla ya kufunga kufuli.

Asubuhi ambayo Ridhiwani alipiga kelele nilikuwa nanywa chai kwa Hyasinta. Tulimkuta amepiga magoti mbele ya boksi tupu. Kwenye dari, juu ya kabati, ubao mmoja ulikuwa umesogezwa, na unyoya wa kijivu ulining'inia kwenye msumari.

"Nilifunga mlango," alisema. "Nilifunga kila kitu."

"Juu hukufunga," Hyasinta alisema. "Kaka yangu, paka akitaka kuzaa anatafuta giza. Wewe ulimweka katikati ya chumba, chini ya taa, unamfunua kama sufuria ya wali. Hata mimi ningehama."

"Dada Hyasinta, usinitanie leo."

Akaangalia uso wake, akaacha. "Haya. Twende tukamtafute. Chapati zitaungua zenyewe."

Lakini Ridhiwani hakuanza kumtafuta paka. Alichukua begi lake la dawa, spika ikiwa kifuani, na kuanza kukimbia mtaani, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Aliingia duka la kwanza, la vyombo vya plastiki, ambapo kijana aitwaye Godbless alikuwa anapanga ndoo.

"Ile dawa niliyokuuzia, umeitega wapi? Nirudishie. Hela yako nakupa."

"Imekuwaje? Imeoza?"

"Paka wangu katoka. Nitolee tu, ndugu yangu, hata iliyobaki sakafuni."

Katika kuinama alibonyeza spika bila kujua, nayo ikaanza: dawa ya panya, dawa ya mende, anafia mbali, hanuki. Godbless akashika kiuno. "Sasa Baba Kijacho, spika yako inasema ninunue, mdomo wako unasema nirudishe. Nimsikilize nani?"

Watu wakacheka hadi nje. Ridhiwani aliipapasa spika asione kitufe, na mimi ndiye niliyeizima. Hapo Godbless akaona kwamba huyu mtu hachezi. Akachukua kijiti na kukwangua chini ya rafu zake, akatupa makombo ya buluu kwenye mfuko. "Ila panya wakinirudia, paka wako aje kazini hapa," alisema, lakini kwa upole.

Tukaenda duka hadi duka. Wengine walirudisha pakiti, wengine walisema wameshasahau waliitega wapi, na jibu hilo lilimtisha zaidi ya kukataliwa. Mmoja alituonyesha panya aliyekufa karibu na mfereji, mwili mzima, hajaguswa. Ridhiwani alimtazama panya yule kwa shukrani. Nyuma yetu Hyasinta alikuwa akiita kwenye vichochoro, akigonga sahani ya bati.

Mvua ilianza tulipofika kwa Bi Thuraya, mjane wa Kimanga anayeuza vitenge kwa jumla. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, miguu imevimba, juu ya kigoda.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Nani kafa?"

Alimweleza. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Yale madude ya panya yamenitoboa majora mawili ya vitenge vya nta, mali ya mteja wa Lubumbashi. Dawa yako ndiyo pekee iliyonisaidia. Hutoi kitu stoo kwangu."

"Bi Thuraya, nakuomba kwa Mungu."

"Mungu unamjua leo? Ulipokuwa unanisifia kwamba wataondoka kama walevi ulikuwa unamjua nani?"

Ridhiwani alisimama tu, maji yakimchuruzika kichwani, nikadhani atalia mbele za watu. Ndipo Bi Thuraya alipoinua mkono kutunyamazisha. Juu yetu, nyuma ya ngazi ya mbao, kitu kilikuwa kinalia, chembamba, kama mlango mdogo unaofunguliwa na kufungwa.

Alitoa funguo kifuani.

Stoo ilikuwa na dirisha moja, kioo chake kimevunjika pembeni, na giza lililonuka gundi ya nguo mpya. Ridhiwani alitangulia akitumia mwanga wa simu, mimi nyuma yake, na Bi Thuraya akajikongoja hadi mlangoni. Nyuma ya majora yaliyosimamishwa ukutani, juu ya jora moja lililofunguka, paka wa kijivu alikuwa amelala na vitoto vitatu vilivyoloa vikitafuta tumbo lake. Kwa pumzi moja sote tulifurahi. Halafu mwanga ulisogea. Pembeni ya mkia wake palikuwa na nusu ya panya, nusu ya nyuma tu, na mbele yake, hatua moja kutoka hapo, kisahani cha dawa ya buluu kilichotafunwa ukingoni.

"Amekula," Ridhiwani alisema.

"Pengine alimuua tu," nikasema. "Pengine kichwa kimeliwa na mwingine."

Hata mimi sikujiamini. Paka alikuwa anahema haraka, mdomo wazi kidogo. Sikujua kama ndivyo anavyohema paka aliyezaa sasa hivi. Ridhiwani hakujua. Bi Thuraya aliyezaa watoto sita hakujua. Aliyechoka kwa uzazi na anayekufa kwa sumu, kwa macho yetu walifanana.

Bi Thuraya ndiye aliyekumbuka kwamba jamaa yake ana namba ya daktari wa wanyama wa Upanga. Aliiomba, akampigia daktari, akaweka sauti ya nje. Sauti ya kike, ya haraka, ikauliza: amekula lini? Hatujui. Anatoka damu puani, kwenye fizi? Ridhiwani akamfunua mdomo kwa kidole, mara ya kwanza kumgusa usoni. Fizi zilikuwa nyeupe kuliko nilivyotarajia, lakini sikujua nilitarajia nini.

"Dawa gani?" daktari akauliza.

"Dawa ya panya," Ridhiwani akasema.

"Najua ni ya panya. Ndani yake kuna nini? Zipo aina nyingi, na kila moja ina tiba yake. Nyingine hazina."

Alitoa pakiti begini, akaigeuza. Mbele ilikuwa na picha ya panya aliyelala chali. Nyuma palikuwa na mistari midogo ya maandishi ya mbali, na lugha ninazozijua hazikufika huko. Ridhiwani alikuwa amebeba pakiti zile begini kwa miaka, na ndipo nilipomwona anazisogeza machoni kana kwamba zingemwonea huruma na kujifungua zenyewe.

"Sijui," alisema. "Daktari, mimi ndiye ninayeiuza, na sijui."

Kisha daktari akasema: "Mlete sasa hivi, pamoja na hiyo pakiti. Watoto waacheni hapo, mvua hii itawaua njiani. Wakauke, wawe na joto. Wasinyonye tena mpaka nimwone mama yao, huenda sumu imeingia kwenye maziwa."

Kumtoa kulikuwa kazi ngumu. Kila tulipochukua kitoto paka aliinua kichwa na kulia sauti ambayo hakuwahi kuitoa chumbani kwa Ridhiwani, na mara mbili Ridhiwani alirudisha mkono wake nyuma. "Mchukue wewe," aliniambia. Bi Thuraya akamkemea kutoka mlangoni: "Mchukue mwenyewe! Anakujua wewe!" Akamchukua. Paka hakumchana. Alilegea mikononi mwake, na kulegea kule kulimtisha kuliko makucha.

Tulimweka kwenye boksi la vitenge. Ridhiwani alinishika bega. "Twende wote, ndugu yangu. Peke yangu siwezi."

Nilitazama vitoto vile kwenye kipande cha kitambaa, vipofu, vikigongana vichwa. Bi Thuraya hakuweza kukaa sakafuni na miguu yake. Hyasinta alikuwa bado anaita mahali fulani kwenye mvua. Sikuhitaji kumjibu. Aliona mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi akiwa amelikumbatia boksi kwa mikono yote miwili.

Kutoka dirishani niliona Godbless akisimamisha bajaji kwa kukaa katikati ya barabara. Ridhiwani aliingia, akavuta turubai la mlango, akalifungua tena, akachungulia ndani ya boksi, akalifunga. Bajaji ilijipenyeza kati ya mikokoteni kuelekea Upanga, ikasimama, ikasogea, ikasimama. Kisha lori likapita mbele yake na sikuiona tena.

"Funga hicho kioo kwa kitambaa," Bi Thuraya alisema kutoka ngazini. Alikuwa ameshuka na kupanda tena taratibu, chupa ya maji ya moto mkononi. "Kata hapo kwenye jora. Limeshaharibika."

Nikakata. Nikaziba kioo, nikaifunika chupa kwa kitambaa kilichobaki, nikaviweka vitoto juu yake. Kimoja kilipanda kiganja changu, kikakipata kidole gumba, kikaanza kunyonya kwa nguvu ambayo sikudhani inaweza kukaa ndani ya kitu kidogo hivyo. Nilijaribu kukitoa. Kilining'ang'ania.